Besi ya fanki roki: nianze na dole gumba, vidole au piki?

nyuzi_nne (Morogoro)
Wakuu, habari za jioni. Nimepiga besi kanisani miaka sita, sebene na mapambio ya taratibu. Miezi miwili iliyopita rafiki yangu mpiga dramu alinisikilizisha Mother's Milk, albamu ya Red Hot Chili Peppers ya 1989, na tangu siku hiyo besi ya Flea, mpiga besi wao, haijanitoka kichwani. Nataka kuujua muziki huu barabara.

Naona njia tatu. Niingie moja kwa moja kwenye slapu, yaani kugonga nyuzi kwa gumba na kuzifyatua kwa kidole. Au nibaki na vidole viwili ninavyovijua, nianze na fanki ya zamani, roki ije baadaye. Au nishike piki, kile kibapa cha kupigia nyuzi, maana nasikia roki ni piki. Nina dakika 40 kila usiku baada ya kazi. Besi yangu ni ya nyuzi nne, muundo wa Jazz Bass, haina batri. Mwenye uzoefu naomba anilinganishie.

Fundi_Besi (Dar)
Karibu mkuu. Mimi nasema vidole.

Slapu ndiyo inayosikika haraka, lakini kinachoibeba fanki ni pigo la kwanza la kila baa, yaani kila fungu la mapigo manne. Mpiga besi Bootsy Collins alipoingia kwenye bendi ya James Brown, mwimbaji wa fanki, mwaka 1970 alikuwa na miaka 18, anamwaga noti kila mahali. James Brown alichomdai ni kimoja: ile "moja" aipe uzito wake, halafu katikati afanye anavyotaka. Sasa wewe unatoka kwenye sebene, na mimi nilitoka hukohuko. Besi ya sebene inaruka, inaacha pengo, inaingia kwa ubavuni. Mkono wako umelelewa kuikwepa "moja". Ukikimbilia slapu na mkono huo utapata mlio mzuri usiokaa mahali pake.

Wiki tatu fanya hivi. Metronomu (kihesabu mapigo) kwenye 70 kwa dakika, noti moja tu, A ya freti ya tano, kile kigawanyo cha tano cha shingo, kwenye uzi mnene. Kila pigo ligawe vipande vinne. "Moja" ipige kwa nguvu, vipande vingine vingi viwe noti bubu: mkono wa kushoto unaugusa uzi bila kuukandamiza, unatoka mlio wa "tk" usio na sauti ya noti. Msikilize Rocco Prestia, mpiga besi wa kundi la Tower of Power. Alijenga jina lake kwa vidole, na mkono wake wa kushoto unaikata kila noti kabla haijarefuka. Ukikosa huo ukataji, hata slapu yako itakuwa uji.

dada_gruvu (Nairobi)
Fundi, kwa heshima zote, hapa unamchelewesha. Kuhusu noti bubu nakubali mia kwa mia. Lakini slapu yenyewe ni dramu, kwa hiyo inaweza kumfundisha "moja" vizuri kuliko vidole.

Kumbuka ilikotoka. Mpiga besi Larry Graham alikuwa akipiga na mama yake huko California, na ikafika wakati hawana mpiga dramu. Ndipo akaanza kuzigonga nyuzi kwa gumba badala ya kiki, ile dramu kubwa ya mguu, na kuzifyatua kwa kidole badala ya snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Baadaye akaipeleka ndani ya kundi la Sly and the Family Stone, na dunia nzima ikamfuata. Kwa hiyo nyuzi_nne, usiichukue slapu kama pambo. Gumba ni kiki, kidole ni snea. Piga hivyo: gumba kwenye moja na tatu, kufyatua kwenye mbili na nne, oktavu (noti ileile, ya chini kisha ya juu), pole pole. Dakika kumi kwa siku zinatosha kuanza.

Mambo ya mkono ambayo mimi hakuna aliyeniambia mapema. Gumba lipige kwa upande wa mfupa, pale kwenye kifundo, karibu na mwisho wa shingo ya gitaa, kisha lidunde na kutoka. Likibaki juu ya uzi umeuua. Nguvu inatoka kwenye mkono kuzunguka, kama unafungua kitasa cha mlango. Kufyatua nako usivute uzi kana kwamba unang'oa jino, ncha ya kidole tu. Mimi nilivuta kwa nguvu miezi minne nikapata malengelenge na nyuzi zikawa hazikai kwenye tyuni.

Na mkanda! Flea huishusha besi chini na gumba lake linaelekea sakafuni. Wengi wanaofuata mkono wa Larry Graham hulilaza gumba sambamba na nyuzi, besi ikiwa juu zaidi. Jaribu ya pili kwanza. Ukiishusha sana, kiwiko cha kushoto kinanyooka, kifundo cha mkono kinapinda, na maumivu yake hayaishi haraka.

mtoto_wa_pwani (Mombasa)
Piki usiitupe, ila isiwe ya kuanzia. Inakupa makali kwenye kiitikio cha roki, noti nane sawasawa kila baa. Noti bubu nazo hutoka safi. Tatizo ni kuhama: katikati ya wimbo unatoka kwenye piki kwenda slapu, hiyo piki unaiweka wapi? Miaka miwili ya mwanzo vidole na gumba vinakutosha.

Sauti_Nzito (Muscat)
Mimi natengeneza gitaa, niongeze upande wa chombo maana hamjaugusa. Wengi watakwambia huwezi bila besi ya batri kama MusicMan StingRay, iliyotoka mwaka 1976 na kikuza sauti chake ndani, cha volti 9. Ni kweli ina mng'aro, na mpiga besi Louis Johnson aliifanyia maajabu. Lakini Larry Graham amepiga sana Jazz Bass, na muundo huo ulikuwepo tangu 1960. Fungua pikapu zote mbili, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, hadi mwisho, toni ifungue, punguza kidogo sauti za kati kwenye amplifaya. Umefika.

Pesa yako iende kwenye nyuzi mpya za chuma zenye msokoto wa duara. Zile laini za bapa ni tamu kwa rumba, lakini zinafyonza mlio wa kufyatua. Kisha mpe fundi ashushe kimo cha nyuzi kidogo. Gumba likipiga uzi ulio juu sana, unachoka kabla ya wimbo kuisha.

nyuzi_nne (Morogoro)
Asanteni sana, kweli nimepata shule. Swali moja: kwenye roki gitaa la solo linanguruma, nikipiga vidole laini sijisikii kabisa. Na nisikilize nini kwa mpangilio gani?

roki_lubumbashi
Ndugu, hapo ndipo fanki na roki vinapoachana. Kwenye fanki gitaa linakwaruza kidogo tu na kukuachia nafasi. Kwenye roki ule mngurumo unajaza katikati yote. Hivyo besi inabaki na vitu viwili: uzito wa chini na mlio wa kidole kugonga uzi. Ukiongeza sauti ya chini tu, unazidi kupotea. Piga karibu na daraja la nyuma, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, kwa nguvu zaidi, noti chache. Sikia mpiga besi Tim Commerford kwenye albamu ya kwanza ya kundi la Rage Against the Machine, 1992: besi na gitaa wanapiga mstari mmoja, kila noti unaisikia.

Mpangilio wangu: anza na James Brown wa 1970, kisha Sly, kisha Freaky Styley ya Red Hot Chili Peppers, 1985. Hiyo inaunganisha fanki na roki kabisa, maana aliyeitayarisha ni George Clinton mwenyewe, mzee wa kundi la fanki la Funkadelic. Halafu Blood Sugar Sex Magik ya 1991, ambamo Flea alipunguza slapu kwa makusudi. Isikilize mara kumi. Mtu aliyeweza slapu kuliko wengi wa kizazi chake akaamua kuacha nafasi, na besi ikazidi kuwa nzito. Les Claypool, mpiga besi wa kundi la Primus, muweke mwakani.

Fundi_Besi (Dar)
Hapo kwenye 1991 ndugu umemaliza. Dada_gruvu, nakubali dakika kumi za gumba. Thelathini ziwe zangu.

nyuzi_nne (Morogoro)
Narudi baada ya wiki tano. Niligawa kama Fundi alivyosema, thelathini kwa kumi. Wiki ya kwanza nilijirekodi kwa simu, nikasikia wazi ninavyoikwepa "moja", yaani kila baa naingia nyuma yake. Wiki ya nne ikakaa. Slapu yangu bado ni oktavu tu, metronomu 76, gumba linakwama kwenye uzi wa A nikichoka. Nyuzi nimebadili, tofauti ni kubwa.

Jana tulipiga na yule rafiki yangu, sisi wawili tu, dakika ishirini riff moja, yaani mstari mmoja mfupi unaorudiwa. Alisimama akaniuliza nimefanya nini, maana kiki yake imekuwa nzito bila yeye kuongeza nguvu. Jumamosi tunamwongeza mpiga gitaa mwenye mngurumo. Roki_lubumbashi, hapo kwenye daraja la nyuma, pikapu ya mbele niipunguze au niiache wazi?