Wien au Vienna? Napanga majina ya miji kwenye gemu letu, naombeni mawazo

Fundi wa Mwanjelwa, Mbeya

Habarini wana jukwaa. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Mwanjelwa. Jioni nikishamaliza kazi za wateja vijana wanakuja, tunaunganisha mashine kwa swichi ya mtandao na kucheza Europa Universalis IV. Kwa wasiolijua, ni gemu la ramani ya dunia nzima, linaanza tarehe 11 Novemba 1444. Unachagua nchi moja unaiongoza kwa vita, biashara na ndoa za kifalme mpaka 1821. Ukitaka unachukua hata Kilwa.

Shida yetu ni majina. Juzi dogo mmoja alikuwa na Austria, mwenzake ana Hungaria, wamefunga mkataba wa kusaidiana. Waturuki wakapanda. Wa Austria anapiga kelele, "Leta jeshi Vienna! Vienna imezingirwa!" Mwenzake anazungusha ramani, anasoma kila neno, Vienna haioni, maana pale pameandikwa Wien, mji uleule kwa Kijerumani. Jeshi zima limekaa ng'ambo linasubiri kuelekezwa, hadi ngome ikaanguka. Dogo wa Austria alitoka nje akakaa kwenye ngazi, hataki kuongea na mtu.

Na gemu lenyewe halina msimamo mmoja. Nchi imeandikwa Venice, ukibonyeza mji wake unakuta Venezia. Nchi ni Naples, mji ni Napoli. Kijana wa kidato cha pili atajuaje kuwa ni kitu kimoja?

Nimeamua nihariri majina mwenyewe, lakini kabla sijaanza nataka nijue nafuata njia ipi. Kuna kuuita kila mji kama wenyeji wanavyouita: Wien, Praha, Lisboa, Warszawa, Köln. Kuna Kiingereza kote. Halafu kuna Kiswahili pale tulipo na jina letu, na tunayo mengi kuliko watu wanavyodhani. Aliyekuzwa na Biblia ya Union anajua Yerusalemu, Dameski, Iskanderia, Antiokia, Korintho, Efeso, Thesalonike. Bibi yangu hajawahi kushika kompyuta, lakini miji hiyo yote anaijua, na anakwambia Paulo alifika upi akitokea upi.

Moyo wangu uko kwenye majina ya wenyeji, na sababu ninayo. Ukoo wetu ni wa Tukuyu. Fungua ramani za Wajerumani, Tukuyu utaikuta imeandikwa Neu-Langenburg. Kasanga kule Ziwa Tanganyika ni Bismarckburg. Manda ya Ziwa Nyasa ni Wiedhafen, na Liuli ni Sphinxhafen. Mtu akitengeneza gemu la mwaka 1900 akaweka hayo peke yake, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa pori tupu, nitaumia sana. Sasa nitakaaje hapa nimwandikie Mcheki Prague wakati yeye nyumbani kwake anasema Praha?

Lakini vijana wamekuja kucheza, hawakuja kukariri. Mnaocheza kwa kikundi mnafanyaje? Na mji ukitekwa, jina nalo libadilike?

Kijiwe cha Sokoine

Kaka fundi, nenda na majina ya wenyeji wala usisite. Vijana wako wanayajua tayari, hawajui tu kwamba wanayajua. Ulaya sisi tumeijulia kwenye mpira. Nionyeshe kijana wa Mbeya anayesema Naples. Anasema Napoli. Turin ukimtajia anakushangaa, mwambie Torino uone. Sevilla, Roma, Porto, Bayern München, Rapid Wien, Sparta Praha, yote hayo ni majina ya nyumbani kwao, na tunayaimba kila wiki. Yule dogo wa Hungaria angeambiwa tu "Wien, pale pa Rapid," jeshi lingefika.

Ila kuna sehemu mbili mpira utawapoteza, waambie mapema. Milan na Genoa. Klabu ya Genoa ilianzishwa 1893 na Milan 1899, zote kwa mikono ya Waingereza, ndiyo maana zinabeba majina ya Kiingereza mpaka leo. Miji yenyewe Waitaliano wanaiita Milano na Genova. Enzi za Mussolini Milan ililazimishwa ijiite Milano, na vita ilipoisha ikarudia jina lake. Hispania nako vilevile: chini ya Franco, Athletic ya Bilbao iliambiwa iwe Atlético, ikarudi kuwa Athletic mwaka 1972. Watu wameteseka kwa herufi moja au mbili, kwa hiyo unachokifanya si kitu kidogo. Andika Milano kwenye ramani na uwaeleze kwa nini.

Mwalimu wa Kihesa, Iringa

Kamwene. Nafundisha historia sekondari na nimesoma hoja zenu kwa makini, kwa sababu wanafunzi wangu nao wanacheza gemu hizi. Nina kijana mmoja anajua Waturuki waliuzingira mji wa Vienna mwaka 1529 na tena 1683, na anaweza kukuchorea njia waliyopita. Mimi sikumfundisha hilo. Kwa hiyo msidhani napinga michezo.

Ninachopinga ni kuondoa majina ya Kiingereza kabisa. Vitabu vyetu vya sekondari ni vya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Swali litakuja kuhusu mkutano wa Vienna wa 1814 na 1815, halitasema Wien, na msimamizi hatakuwepo kumnong'oneza kwamba ni pale pa Rapid. Nimeona watoto wenye akili wanaacha swali wanalolijua kwa sababu jina limekuja na sura nyingine. Fundi, wewe unaona heshima ya Mcheki, nami nakuelewa. Mimi namwona mtoto wa Kihesa kwenye chumba cha mtihani, na huyo ndiye niliyekabidhiwa.

Kwenye swali lako la mwisho nipo na wewe moja kwa moja. Mji ukitekwa, jina libadilike, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, hata hapa kwetu. Makao ya Mkwawa yalikuwa Kalenga, penye ngome ya mawe. Wajerumani waliivunja tarehe 30 Oktoba 1894. Hawakukaa pale. Walipanda kilimani wakajenga boma jipya, wakaliita Neu-Iringa, na huo ndio mji ninaokaa leo. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi Julai 1898. Nikipeleka wanafunzi makumbusho ya Kalenga kuona fuvu lake, lile lililorudishwa mwaka 1954, huwa nawaambia wageuke watazame upande wa mjini, kisha nawauliza nani aliusogeza mji. Wanakaa kimya muda mrefu. Halafu wanaanza kuuliza maswali mazuri kuliko yote ya mwaka.

Gemu linaloonyesha jina likigeuka siku mji unapotekwa linafanya kazi hiyo hiyo. Ila fuateni miaka. Konstantinopoli ikichukuliwa na Waturuki mwaka 1453 iandikwe Kostantiniyye, jina ambalo dola yao ililitumia kwenye sarafu. Msirukie Istanbul, maana ni mwaka 1930 ndipo serikali ya Uturuki ilipozitaka nchi za nje ziache jina la zamani. Na Königsberg haiwezi kuitwa Kaliningrad kabla ya 1946, hata Mrusi akiiteka kwenye gemu lenu mwaka 1600.

Uyole Bits

Naongezea upande wa mafaili, maana hapo ndipo wengi wanakwama.

Majina yako kwenye folda ya localisation, mafaili ya maandishi ya kawaida yenye mwisho wa yml. Usiguse ya asili, tengeneza modi yako (nyongeza ya gemu) pembeni, la sivyo apdeti ikija kazi yote imefutika. Ukihifadhi, chagua UTF-8 yenye BOM, yaani namna ya kuhifadhi herufi yenye alama ya utambulisho mwanzoni mwa faili. Ukihifadhi UTF-8 tupu, gemu halikuonyeshi kosa lolote kwenye skrini, linapuuza faili lako kimyakimya, nawe unakesha ukitafuta koma iliyokosekana. Notepad++ inakupa chaguo hilo kwenye menyu.

Herufi: ö, ü, é zinatokea vizuri. Ł na Ś za Kipolandi hazitokei, maandishi ya gemu hilo yanaishia kwenye herufi za Ulaya Magharibi. Warszawa iko salama, Łódź utaikosa. Kiswahili hakina tatizo lolote hapo.

Na jambo linaloweza kumaliza ugomvi wenu: mafaili ya localisation hayabadilishi ile namba ya ukaguzi ambayo gemu hulinganisha kati ya wachezaji. Mmoja anaweza kusoma Vienna na mwingine Wien kwenye mchezo uleule, na mtandao usikatike.

Fundi wa Mwanjelwa

Shikamoo mwalimu. Ndaga fijo wote, nimepata zaidi ya nilichoomba.

Uyole, njia ya kila mtu na lugha yake nimeikataa. Kwenye mashine itafanya kazi, lakini sisi tunakaa chumba kimoja tunapigiana kelele. Yule dogo hakuangushwa na ramani yake. Aliangushwa na kusikia neno moja huku anasoma lingine. Mashine zote zitakuwa na faili lilelile.

Nitakavyofanya ni hivi. Nchi zote Kiswahili: Ureno, Hispania, Hungaria, Uturuki, Venezia. Miji kwa jina la mwenyeji, na mwenyeji ni yule anayeutawala siku hiyo, kama mwalimu alivyoeleza. Yerusalemu nitaiacha kwa Kiswahili. Nilitaka kuiandika kwa jina la wenyeji, nikajikuta najiuliza wenyeji wapi. Mwaka 1444 iko chini ya Wamamluki, watawala wa Misri, wao wanasema al-Quds, Myahudi anasema Yerushalayim, Mgiriki ana lake. Pale jina la bibi yangu lina haki sawa na ya yeyote.

Mwalimu, kuhusu mtihani sikubali kuibadili ramani, lakini mtoto wako simtupi. Nitachapa karatasi kubwa kwenye steshenari ya jirani, safu tatu: jina la kwenye ramani, jina la kwenye mtihani, na timu ya mji huo. Itabandikwa ukutani juu ya swichi, kila mtu aione akiwa ameketi. Mtu akipiga kelele kwa jina lolote kati ya hayo, mwenzake anainua macho anauona mji.

Kimebaki kimoja kinachonisumbua. Kwa utaratibu huu Mreno akiteka Kilwa, jina linageuka kuwa Quíloa, ndivyo walivyoiandika tangu walipoivamia 1505. Kijana anayechukua Kilwa kila siku ameniambia nikiweka hivyo anahama aende kucheza kwingine. Nimemwambia asiwaruhusu Wareno washuke pwani. Anasema si jibu.

Mwalimu wa Kihesa, Iringa

Marahaba mwanangu. Iweke Quíloa, na mpe sababu hiyohiyo uliyotupa ya Tukuyu na Neu-Langenburg. Akiichukua tena itarudi kuwa Kilwa, na atapigana kweli.

Karatasi ikiwa tayari nitumie nakala, nitaibandika darasani. Ila kwenye ya kwangu Vienna ianze safu ya kwanza.