Naomba ushauri: jina la cheti cha kuzaliwa na la matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) hayafanani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nasimamia ushauri wa masomo na kazi kwenye sekondari moja hapa Moshi.

Wahitimu tisa wa kidato cha nne wanataka vyuo vya kati. Wana D nne na kuendelea, ufaulu si tatizo. Kinachokwamisha ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema "Angela", matokeo yanasema "Anjela". Mwingine anatumia jina la ubatizo ambalo kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi) halipo kabisa. Kosa huanzia shule ya msingi, mwalimu anaandika anavyosikia, basi linabebwa hadi mwisho.

Tumewapeleka kwa wakili wakaapa. Chuo kimoja kimepokea kiapo. Kingine kinataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na wazazi wanalalamikia gharama.

Kwa tofauti ya herufi moja tu, mnarekebisha cheti cha kuzaliwa au mnakomaa na kiapo? Na walioko kidato cha tatu sasa, mnakagua majina yao hatua gani, kabla usajili wa mtihani haujafungwa?