Naombeni ushauri: nifundisheje Vita vya Kagera mbele ya watoto wenye ndugu ng'ambo ya mpaka?

MwalimuWaMissenyi ameandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya kata wilayani Missenyi, mkoani Kagera, si mbali na barabara iendayo Mutukula, mpakani na Uganda. Kwa miaka sita nimefundisha Vita vya Kagera kwa namna ileile niliyofundishwa mimi: Idi Amin alivamia, Mwalimu Nyerere akatamka kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, jeshi letu likamfukuza, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Hakuna kipindi ambacho wanafunzi wangu hukipenda kuliko hicho. Hupiga makofi, nami hufurahi pamoja nao, kwa kuwa ni nadra somo letu kuwasisimua watoto kiasi hicho.

Mwezi uliopita, siku moja baada ya kipindi hicho, nilimkuta msichana wa Kidato cha Pili akilia nyuma ya maabara. Mama yake ni mzaliwa wa Kakuuto, upande wa Uganda, na ameolewa hapa kwetu. Wenzake walikuwa wamempachika jina la Nduli. Nilipowaita na kuwauliza neno hilo wamelitoa wapi, mmoja wao alinijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, si wewe ndiye uliyetufundisha?"

Ni kweli nililitumia. Lilikuwa neno la redioni na magazetini wakati wa vita, na lilimlenga mtu mmoja. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa zaidi ya miaka thelathini baada ya vita kwisha, neno hilo lilihama kutoka kwa Amin likawaangukia Waganda wote, hata binti anayeketi naye dawati moja. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni mangapi mengine ninayoyasema darasani yanahama hivyo bila mimi kujua.

Siwezi kuacha kusimulia mateso ya watu wa hapa, maana babu na bibi za wanafunzi hawa ndio waliopoteza ndugu, ng'ombe na nyumba. Wala sitaki kipindi changu kipande chuki baina ya watoto ambao wazazi wao huuziana maharage na kuoana kila mwaka. Naombeni mnishauri: nianzie wapi, nikomee wapi, na je, ni busara kumwita darasani mtu aliyeyaona mambo yenyewe?

MzeeWaBunazi ameandika:

Mwanangu mwalimu, pole, na hongera kwa kuliona jambo ambalo wengi hupita juu yake.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne majeshi ya Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978. Tulikimbia usiku kuelekea kusini, tukavuka mto Kagera pale Kyaka siku chache kabla daraja halijavunjwa. Tuliobahatika tulivuka, na wengine hatukuwaona tena. Raia waliouawa katika eneo hili wanakadiriwa kufika 1,500. Ng'ombe waliswagwa kupelekwa kaskazini, nyumba zikachomwa, na kanisa la Kyaka likabaki magofu. Usiyapunguze hayo hata kidogo. Ukiyapunguza, mtoto atakwenda kuyasikia kwa bibi yake jikoni, atajua kwamba mwalimu amemficha, na tangu siku hiyo hatakuamini kwa lolote.

Hata hivyo lipo jambo ambalo sikulisikia katika hotuba yoyote ya wakati ule. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Kakuuto. Mumewe alichukuliwa na askari wa Amin mwaka 1974, miaka minne kabla ya sisi kuguswa, na hakurudi. Sisi tulionja mkono wa Amin kwa miezi michache. Wao waliishi naye tangu alipompindua Obote tarehe 25 Januari 1971. Waambie wanafunzi wako hilo kwanza, kisha uwasomee ya kwetu. Utaona wenyewe wanavyoanza kuuliza maswali ya namna nyingine.

Mzalendo_Kagera ameandika:

Mwalimu, kwa heshima zote, nina hofu na mwelekeo wa mjadala huu. Pale Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wetu waliokufa katika vita ile. Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Tukianza kuwaambia watoto kwamba kila upande ulikuwa na maumivu yake, hatimaye watashindwa kujua nani alimvamia nani. Amin ndiye aliyetangaza kwamba ardhi ile sasa ni ya Uganda, hakuna aliyemlazimisha. Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wakati huo ulikataa hata kumlaani, ukatutaka tusuluhishwe kana kwamba tumegombania mbuzi. Nisingependa shule zetu zirudie kosa hilo kwa jina la kulea amani.

Aidha, mtihani hauulizi hisia za jirani. Unauliza sababu na matokeo. Mwanafunzi asipoandika wazi kwamba Tanzania ilivamiwa atakosa alama, na wa kulaumiwa utakuwa wewe.

MwalimuWaMissenyi ameandika:

Mzee wangu, nashukuru sana, na poleni kwa yaliyowapata. Sikuwahi kufikiria kuanzia mwaka 1971.

Ndugu Mzalendo, tunakubaliana kuhusu nani alivamia, na hilo litabaki ubaoni kwa herufi kubwa. Shida yangu ni kwamba wanafunzi wangu wanalijua jibu hilo vizuri sana, wanapata alama zote, halafu wanatoka nje na kumliza mwenzao. Ndiyo maana najiuliza kama orodha ya sababu na matokeo inatosha.

Namasaka ameandika:

Mwalimu mwenzangu, nakuandikia kutoka Masaka, ambako nami nafundisha historia. Nisamehe kama Kiswahili changu kitakuwa na makosa.

Kwetu vita hii huitwa vita ya ukombozi ya mwaka 1979. Wazee wetu huwaita askari wa Tanzania "Bakombozi", neno lililotoka moja kwa moja katika Kiswahili chenu. Baba yangu husimulia kwamba Kampala ilipoanguka watu walitoka barabarani wakiwakumbatia, na husimulia hilo mpaka leo macho yakimlengalenga. Kwa hiyo mtoto akimwita mwenzake Nduli kwa sababu mama yake ni Mganda, mweleze kwamba mama huyo huenda alikulia katika nyumba iliyoshangilia kuja kwa askari wenu.

Lakini nami nikueleze la upande wa pili, maana wewe umeuliza kwa moyo safi. Mji wangu uliangukia mikononi mwa jeshi lenu tarehe 24 Februari 1979, na baada ya hapo majengo mengi yalilipuliwa kwa makusudi, kulipiza kisasi cha Kagera. Mbarara nayo iliharibiwa vibaya. Inasemekana Mwalimu Nyerere alishtushwa na habari hizo na kuagiza raia na mali zao zisiguswe tena, na wanaosimulia safari ya jeshi kutoka hapa hadi Kampala husema mwenendo ulibadilika. Wanafunzi wangu huyajua majengo yaliyolipuliwa. Agizo la Nyerere hawalijui. Wanafunzi wako, nadhani, hawajui lolote kati ya hayo mawili. Tazama jinsi kila mmoja wetu anavyobeba nusu yake, na kila nusu peke yake inatosha kumfanya mtoto aamini kwamba jirani ni mtu wa kuogopwa.

Nina dhambi yangu pia. Nikifundisha utawala wa Amin, hutumia siku nyingi kwa kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, na uvamizi wa Kagera huupitia kwa sentensi mbili au tatu. Sijawahi kumweleza mwanafunzi wangu hata mmoja kwamba kuna watu kama huyu mzee wa Bunazi, waliovuka mto usiku wakiwa watoto. Baada ya kusoma maneno yake nimeona aibu, na muhula ujao nitarekebisha.

Msomaji_Ughaibuni ameandika:

Wanajukwaa, ninaishi Ujerumani, na jambo hili limenigusa kwa sababu ya yale niliyoyakuta huku. Baada ya vita vya 1870 na 1871 Ufaransa ilinyang'anywa Alsace na sehemu ya Lorraine, na kwa miongo mingi watoto wa Kifaransa walionyeshwa ramani ambazo majimbo hayo yamepakwa rangi ya giza, kama kidonda katika mwili wa nchi. Kila aliyemaliza shule alijua ni kitu gani kinadaiwa na nani anadaiwa. Upande wa Ujerumani nao walifundishwa kwamba Mfaransa ni adui wa kurithi. Watoto hao ndio waliokutana katika mahandaki mwaka 1914.

Mabadiliko yalichukua muda mrefu. Katika mji wa Braunschweig, mwanahistoria Georg Eckert alianzisha baada ya vita kuu ya pili taasisi ambayo leo ina jina lake, na kazi yake ni kuwakutanisha walimu na wanahistoria wa nchi zilizopigana ili wasomeane vitabu vya kiada na kuonyeshana sentensi zinazoumiza. Mwaka 2003 vijana wa Ufaransa na Ujerumani waliokutana Berlin waliomba kitabu kimoja cha historia kwa nchi zote mbili, na juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 2006, ikiwa na maudhui yaleyale kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Shule nyingi hazikitumii, na sidhani kama sisi tunahitaji kusubiri kitabu cha namna hiyo. Ninachokithamini ni ile hatua iliyotangulia: mwalimu mmoja kumpa mwalimu wa ng'ambo ukurasa wake na kumwomba ausome. Wewe na Mwalimu Namasaka mmeshaianza humu bila kungoja wizara yoyote.

Nikushauri pia uanzie kwenye ramani. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana eneo letu, magharibi ya Ziwa Viktoria walifuata mstari wa latitudo ya nyuzi 1 kusini, mstari ulionyooka ambao haukujali mto wala ukoo. Mto Kagera unapita kusini ya mstari huo kwa sehemu kubwa, na ardhi iliyobaki katikati ya mto na mstari, takribani kilomita za mraba 1,800, ndiyo aliyoidai Amin kwa hoja kwamba mto ndio mpaka wa asili. Mwanafunzi akiichora ramani hiyo kwa mkono wake ataelewa mambo mawili kwa mpigo: kwa nini watu wa pande zote wanasemezana bila mkalimani, na kwa nini dai la Amin lilikuwa la hatari kwa Afrika nzima. Azimio la Cairo la mwaka 1964, lililotaka nchi zetu ziheshimu mipaka zilizoirithi wakati wa uhuru, lilitolewa hoja na Nyerere mwenyewe.

Mzalendo_Kagera ameandika:

Nimesoma ya Mwalimu Namasaka mara mbili. Habari za Masaka nilikuwa nikizisikia kwa minong'ono kutoka kwa marehemu kaka yangu aliyekuwa mgambo na kupelekwa vitani, na hakupenda kuzizungumzia. Bado nasimama pale pale kwamba mvamizi atajwe. Lakini nakubali kwamba askari aliyelala Kaboya hapungukiwi heshima kwa mtoto kujua pia yaliyotendeka Masaka. Kaka yangu angetaka lisemwe, nadhani. Alibeba jambo hilo peke yake kwa muda mrefu mno.

Kuhusu mtihani, ondoa hofu niliyokutia. Ramani ya 1890 na azimio la Cairo vyote ni sababu halali, na atakayeviandika ataandika jibu zuri zaidi ya la kukariri.

MwalimuWaMissenyi ameandika:

Ndugu zangu, sikutarajia haya. Nieleze ninavyokusudia, mnisahihishe.

Mada niliyozoea kuimaliza kwa kipindi kimoja nitaigawa katika vipindi vitatu. Cha kwanza kitakuwa cha ramani na mstari wa 1890, na kila mwanafunzi ataandika majina ya jamaa zake walio ng'ambo, kama anao. Nikihesabu haraka, zaidi ya nusu ya darasa wanao. Cha pili kitaanzia Januari 1971 na kuonyesha waliyoyapata Waganda chini ya Amin, kisha uvamizi wa hapa kwetu bila kuficha kitu. Cha tatu kitakwenda na jeshi letu hadi Masaka na Kampala, furaha na uharibifu vikiwa pamoja. Neno nduli nitalirudia darasani mwenyewe, nieleze lilikotoka na lilimhusu nani, halafu niwaombe radhi kwa kuliacha lizagae, na nitamwomba radhi yule binti kabla ya hapo, faraghani, ili asishtukizwe mbele ya wenzake.

Mwalimu Namasaka, ukiridhia, nitakutumia maandalio yangu ya somo uyasome kwa jicho la mwanafunzi wako. Nawe mzee wangu, kama afya inaruhusu, ningekuomba uje katika kipindi cha pili.

Namasaka ameandika:

Nitumie. Nami nitakutumia yangu, hata zile sentensi tatu.

MzeeWaBunazi ameandika:

Nitakuja, mwanangu. Yule shangazi alifariki, lakini binti yake yuko hai na huvuka Mutukula kila siku ya gulio. Nitamwomba tuje wote wawili. Utuwekee viti viwili vya pamoja, na yeye aanze kusema.