Ghuba inayowaka usiku: mgeni aogelee au aangalie tu?

Mtoa mada: Wakuu, Puerto Rico, visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Marekani, wanabishana jambo ambalo sisi watu wa mikoko tunalielewa. Kisiwani Vieques kuna Mosquito Bay. Usiku wa giza, ukichovya kasia maji yanawaka buluu. Ni vijimea visivyoonekana kwa macho, Pyrodinium bahamense. Kikitikiswa kinamulika mara moja, kufumba na kufumbua kimezima. Kuogelea humo ni marufuku tangu 2007. La Parguera, ghuba nyingine inayowaka iliyoko kisiwa kikuu, wageni bado hupelekwa kwa boti za injini na kujitosa.

Mimi naunga mkono marufuku. Mafuta ya jua na dawa ya mbu mwilini mwa watu mia kila usiku si mzaha. Na tofauti inaonekana: La Parguera imefifia, Mosquito Bay ndiyo inayosifiwa duniani.

Mchangiaji 1: Rahisi kusema ukiwa mbali. Jeshi la majini la Marekani lilikalia sehemu kubwa ya Vieques hadi 2003. Leo wenyeji wanategemea utalii, nawe unataka mgeni alipe kisha akae mikono mapajani?

Mtoa mada: Mbona analipa? Kayaki, vile vimtumbwi vya kupiga kasia, zinajaa, nyingine zina sakafu inayopitisha mwanga, anaona kila kitu chini yake. Anachokosa ni kulowa tu.

Mchangiaji 2: Mnamwonea muogeleaji. Laguna Grande ya Fajardo, maji mengine yanayowaka huko Puerto Rico, nako kuogelea kulishapigwa marufuku, lakini Novemba 2013 mwanga ulizimika siku kadhaa. Wapo waliolaumu ujenzi wa jirani, wengine upepo. Hakuna aliyemlaumu mtu mwenye chupi ya kuogelea!

Mtoa mada: Hapo umenibana, nakubali. Basi niseme hivi: vijimea hivi vinaishi kwa majani ya mikoko yanayooza majini, na mdomo mwembamba wa ghuba ndio unaovizuia visisombwe baharini. Kimbunga Maria kilipopiga Septemba 2017, Mosquito Bay ilififia kwa miezi, kisha ikawaka tena. Mdomo ule ukipanuliwa ili boti kubwa zipite, au mikoko ikifyekwa kwa ajili ya hoteli, marufuku ya kuogelea itabaki kibao tu ufukweni.

Mchangiaji 1: Sasa tunaongea. Ila wenye boti za injini La Parguera, hao utawaambia nini kesho asubuhi?

Mtoa mada: Wabadili wapige kasia, na serikali iwakopeshe kayaki. Nyumba zilizojengwa juu ya maji pale nazo zizime taa.

Mchangiaji 2: Wakopeshwe? Haya, nani atalipa riba?