Ushauri: hyperpyron ya Andronikos II, imepauka na ina nyufa. Nichukue?

Mgeni_wa_Sarafu: Wakuu, nataka kuanza kukusanya dhahabu ya Bizanti (Dola ya Roma ya Mashariki) ya zama za kuporomoka. Kuna muuzaji ana hyperpyron, sarafu ya dhahabu, ya mfalme Andronikos II, gramu 4.1, imepauka, ukingo una nyufa. Anasema ni "dhahabu tupu". Mnaonaje?

Mizani: Mkuu, mwenye kasoro ni huyo muuzaji, sarafu bado. Mfalme Alexios I alipoianzisha mwaka 1092 ilikuwa na karati 20 na nusu hivi (24 ndiyo dhahabu tupu). Kwa Michael VIII, aliyeirudisha Constantinople (Istanbul ya leo, Uturuki) mikononi mwa Wagiriki 1261, ilikuwa imeshuka hadi 15, na Andronikos akaifikisha kwenye 12. Nusu yake ni fedha na shaba, lazima ipauke. Ingekuwa inawaka njano ndipo ungeogopa.

Ipime majini. Tafuta mizani inayosoma gramu 0.001, ya 0.01 haifai, maana tofauti yote unayoitafuta ni kama gramu 0.3. Pima ikiwa kavu, halafu ining'inize kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa glasi. Uzito mkavu gawa kwa gramu zilizopungua majini: tarajia 13 hadi 14, wakati dhahabu tupu ni 19.3. Imebonyea kama kisahani, kwa hiyo hunasa hewa tumboni na jibu linashuka. Tia tone la sabuni, izamishe kwa ubavu.

Chapa_Mbili: Naongezea: mghushi akichanganya madini vizuri, maji hayatamkamata. Nyufa na picha iliyojirudia ni kawaida, kisahani kiligongwa nyundo zaidi ya mara moja. Tafuta vitundu vya mapovu na mshono ukingoni, dalili za bandia iliyomiminwa kwenye kalibu. Kisha pekua picha za minada: ukiona nyingine yenye ufa uleule mahali palepale, achana nayo. Chapa moja hugonga sarafu nyingi, lakini kila moja hupasuka kivyake.

Usimpe sonara aikwaruze, wala usiinyooshe, itakatika.

Mgeni_wa_Sarafu: Shukrani. Mbele ni Bikira Maria ndani ya kuta za mji, nyuma watu wawili wamemzunguka Kristo.

Mizani: Hao huenda ni Andronikos na mwanawe Michael IX; kama ndio, haivuki 1320. Ndiyo inayopatikana kwa wingi. Andronikos akiwa peke yake mbele ya Kristo ni adimu zaidi. Usilipe bei ya adimu. Na udai karatasi ya mnada wa zamani: Uturuki hairuhusu vitu vya kale kutoka nje ya nchi. Hana karatasi, mwache.