Jiko la umeme wati 1500 halikaangi chapati: koili imechoka kweli?

MamaRolex_Busia
Hamjambo wakubwa. Nauza chapati na rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) Busia, upande huu wa Uganda. Makaa yamenishinda bei, nikanunua jiko la umeme la koili. Nyuma limeandikwa 240 V, 1500 W. Kibandani kwangu koili inaiva wekundu hafifu tu, chapati inakauka kabla ya kuiva. Nimemwita fundi. Akachomoa jiko, akapima soketi ya ekstensheni, mita ikasoma volti 236. Akasema umeme uko sawa, koili imechoka, nitoe shilingi 45,000. Hiyo ni hela yangu ya unga na mafuta. Nitoe?

Kijana_wa_Malaba
Nunua stabilaiza mama. Umeme wa huku hautulii.

Mwalimu_Mbale
Mama, usitoe hata shilingi kwanza. Na stabilaiza acha.

Fundi amepima jiko likiwa limechomolewa. Hapo mkondo haupiti, kwa hiyo waya haupotezi volti yoyote, hata uwe mwembamba kama uzi. Pima jiko likiwa linawaka. Nahitaji namba tatu: volti kwenye soketi ya jiko, volti kwenye soketi ya nyumbani, na ampia. Apime mtu anayejua umeme, si wewe na unga mikononi.

MamaRolex_Busia
Mtoto wa dada yangu anasomea umeme, amekuja na klampu mita, ile inayobana waya kupima ampia. Volti amepata, lakini ampia inasoma 0.0 na jiko linawaka! Mita imekufa?

FundiWaya_Tororo
Haijakufa. Amebana nyaya zote mbili pamoja. Mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana, mita haioni kitu. Azime, achomoe plagi, atenganishe nyaya hizo mbili bila kutoboa mpira, kisha abane mmoja tu.

MamaRolex_Busia
Kweli! Sasa: kwenye jiko volti 214, nyumbani 236, ampia 5.6. Ekstensheni ni mita 40 hivi, waya ule mwembamba wa nyaya mbili.

Mwalimu_Mbale
Asante mama, sasa tuhesabu. Ukinzani ni volti ugawanye kwa ampia. Jiko lako: 214 ÷ 5.6 = oma 38.2.

Jiko jipya la aina hiyo lingekuwa na oma ngapi? Kutokana na maandishi ya nyuma, zidisha volti kwa volti kisha gawanya kwa wati: 240 × 240 ÷ 1500 = oma 38.4. Umeona? Koili yako ni nzima kabisa.

Nguvu ni volti mara ampia: 214 × 5.6 = wati 1198. Umenunua jiko la 1500, unapikia 1200. Volti zikipungua, ampia nazo zinapungua, ndiyo maana moto unashuka haraka kuliko volti.

Zile volti 22 zilizopotea njiani (236 toa 214) ziko kwenye waya. 22 ÷ 5.6 = oma 3.9. Na 22 × 5.6 = wati 123 zinazopasha moto ekstensheni. Ziko baada ya mita yako ya umeme ya nyumbani, kwa hiyo unazilipia: ukipika saa sita, robo tatu ya yuniti imeishia njiani.

FundiWaya_Tororo
Mwalimu, hizo oma 3.9 zinanitisha. Waya wa unene wa milimita za mraba 0.5 kwa mita 40, kwenda na kurudi, ni kama oma 2.8. Oma moja na kitu imejificha mahali. Mama, kuna jointi?

MamaRolex_Busia
Ipo, chini ya bati, imefungwa selotepu nyeusi. Nimechomoa plagi nikaigusa: ya moto, selotepu imelainika inanata vidoleni, inanuka.

FundiWaya_Tororo
Usiwashe tena leo, tafadhali sana. Oma moja kwa ampia 5.6 ni zaidi ya wati 30 mahali padogo kama kidole. Fyuzi ya ampia 13 kwenye plagi haitakusaidia, kwake ampia 5.6 ni kidogo, lakini waya wa 0.5 ni wa ampia 3. Weka kebo ya 2.5 yenye nyaya tatu, bila jointi. Ule wa tatu ni wa athi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini: jiko la chuma bila athi linaua.

Nalweyiso_Jinja
Naomba kuuliza. Nimepima balbu ya wati 60 kwa oma, imesoma kama 70. Kwa hesabu ya mwalimu ingekuwa 960. Imeharibika?

Mwalimu_Mbale
Ni nzima, dada. Umeipima ikiwa baridi. Uzi wa balbu ukiwaka unafika nyuzi zaidi ya elfu mbili, na ukinzani wake unapanda mara kumi na zaidi. Koili ya jiko ni nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromiamu), ukinzani wake haubadiliki sana. Ila oma hupimwa kitu kikiwa kimechomolewa, siku zote.

MamaRolex_Busia
Nimerudi. Kebo ya 2.5 imewekwa jana, athi ipo. Mtoto amepima: volti 232, ampia 6.1. Nimehesabu mwenyewe kwenye karatasi ya unga: oma 38, wati 1415. Chapati ya kwanza leo asubuhi imepanda madoa ya kahawia kabla sijamaliza kupiga mayai. Mwalimu, fundi, mkipita Busia mtakula kwangu bure.