Tuhamie mji gani mdogo nje ya Dodoma, ikiwa kazi iko Mtumba?

Mpangaji wa Nkuhungu

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo.

Ninaomba ushauri wa wanaoishi, au waliowahi kuishi, katika miji midogo inayoizunguka Dodoma. Mimi ni mtumishi wa umma, ofisi yetu iko Mji wa Serikali, Mtumba, nasi tumepanga Nkuhungu tangu tulipohamia huku kutoka Dar es Salaam. Nyumba haina ubaya, lakini kila asubuhi ninalazimika kuvuka jiji zima, kutoka magharibi hadi mashariki, ili niwe kazini saa 1:30, na alasiri ninarudi kwa njia ileile pamoja na kila mtu mwingine. Nyumbani tuko sita: mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, mama yake mzazi, ambaye ana shinikizo la damu, na watoto watatu. Mkubwa yuko darasa la sita, wa pili ana pumu na vumbi la kiangazi humsumbua, na wa mwisho bado hajaanza shule. Gari hatuna.

Tunafikiria kupanga kwanza, kisha kununua kiwanja tukiona panatufaa. Tumetaja Chamwino pamoja na Buigiri, Veyula hadi Makutupora, Hombolo, na Bahi. Mwenzangu ofisini ananisisitizia Kibaigwa, akidai maisha ni nafuu na biashara ya mke wangu itachangamka. Ningeomba mnieleze hali halisi ya usafiri, maji, shule na matibabu, maana mabango ya viwanja yanasifu kila mahali.

Mkazi wa Chamwino

Ndugu mleta mada, kabla ya kulinganisha miji hiyo, itazame ramani kwa kuanzia ofisini kwako na si katikati ya jiji. Wengi huuliza mji fulani uko kilomita ngapi kutoka Dodoma, ilhali Mtumba yenyewe iko kilomita 17 hivi mashariki, kwenye barabara ya Morogoro. Anayeishi Chamwino au Buigiri huelekea Dodoma asubuhi na kushuka kabla ya kukutana na foleni. Ihumwa, Nzuguni, stendi kuu na soko la Job Ndugai vyote vinabaki mbele yake. Anayeishi Bahi, kwa upande wake, ameongeza zaidi ya kilomita hamsini za magharibi juu ya safari ileile unayoilalamikia. Bahi ina mpunga mzuri na watu wakarimu, lakini kwa mtu wa Mtumba asiye na gari ningeiondoa leo.

Sasa nikueleze adha za huku. Asubuhi si tatizo, kwa sababu hiace na kosta zinazoanzia kwetu zinahitaji abiria. Kazi iko alasiri. Saa 9:30 ofisi zote zinatoka kwa pamoja, na gari linalotoka mjini hufika Mtumba limeshajaa, kwa hiyo konda anapunga mkono tu kuonyesha kwamba hakuna nafasi na gari halisimami. Wazoefu huvuka barabara, wakapanda gari la kwenda mjini hadi Ihumwa au hata Nanenane, kisha wakageuza nalo. Unalipa nauli mara mbili, lakini unakaa. Iweke nauli hiyo ya pili kwenye hesabu yako ya mwezi tangu mwanzo, usije ukaona kodi ya nyumba ni nafuu huku unafuu huo ukiishia kwa konda. Jioni zaidi kuna dereva anayekata ruti au kukufaulisha kwenye gari jingine njiani, na hapo mwenye mtoto mkononi ndiye anayeumia. Msafara wa viongozi ukipita nao, mnasimama mpaka uishe. Hilo ni sehemu ya kuishi jirani na Ikulu.

Kuhusu mama mkwe, Chamwino kuna Hospitali ya Uhuru, ile iliyojengwa kwa fedha zilizokuwa zitumike kwenye sherehe za Uhuru za mwaka 2018. Kliniki ya kawaida ya shinikizo la damu ataipata karibu. Jambo kubwa likitokea, mtapelekwa Benjamin Mkapa, kule Chuo Kikuu cha Dodoma, na usiku safari hiyo inahitaji gari la kukodi, kwa hiyo jambo la kwanza baada ya kuhamia ni kupata namba za madereva wawili wa teksi au noah wanaolala hapahapa mjini.

Mji wenyewe ulianza kama kijiji cha ujamaa miaka ya 1970, na Mwalimu Nyerere alikuwa na makazi hapa. Ikulu mpya ilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023, na tangu hapo kila mwenye shamba anajiona amekalia dhahabu. Ndiyo maana ninaunga mkono mpango wenu wa kupanga kwanza.

Dereva mstaafu

Niguse Kibaigwa, kwa kuwa njia hiyo ninaijua. Kutoka Dodoma ni takriban kilomita 90, na ukitoa zile za kufika Mtumba unabakiwa na zaidi ya sabini kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kila siku ya kazi, kwenye barabara ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Katika kila kijiji kuna matuta na kibao cha 50. Ukipata lori bovu limeziba upande mmoja, saa 1:30 ya ofisini utaisikia redioni.

Mwenzako hajakosea kuhusu biashara. Kibaigwa ni soko kubwa la mahindi, na mavuno yakiingia, fedha inaonekana mitaani hadi nyumba za wageni zinajaa. Fundi cherehani atashona mpaka achoke. Lakini huo ni mji wa mtu anayefanya kazi Kibaigwa. Wewe utakuwa unauona usiku tu, na wanao watakuwa wamelala.

Nyongeza ndogo kwa mgeni wa njia hii: ukimsikia konda akiita Chalinze, hiyo ni Chalinze Nyama ya wilayani Chamwino, si ile ya Pwani. Nyama yake inastahili jina hilo.

Mama wa Veyula

Kaka yangu, wanaume wote wawili wamekushauri kuhusu safari yako. Mimi ninamwulizia mkeo, kwa sababu wewe utakuwa ofisini na yeye ndiye atakayeishi katika mji huo mchana kutwa.

Fundi cherehani hula kwa misimu. Huku kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na baada ya mavuno akina mama hupokea hela na vitenge hutoka sandukuni. Desemba na Januari kuna sare za shule. Katikati ya hapo kuna kupunguza suruali, kubadilisha zipu na mashuka ya harusi. Chamwino ana faida ya watumishi wa halmashauri wenye mshahara wa kila mwezi, ila mtumishi huyohuyo hupenda kushonesha mjini alikozoea. Mwambie mkeo aende mwenyewe siku ya kazi, ahesabu mafundi waliopo barabarani, na atazame kama nguo zilizotundikwa ni mpya au ni viraka. Hapo atajua kuliko sisi sote.

Kuhusu Veyula yenyewe, watu wanakuja kwa wingi kwa ajili ya barabara ya mzunguko wa nje. Yote ina kilomita 112.3, na kipande cha kilomita 52.3 kinatoka Nala, kinapita Veyula na Mtumba, hadi bandari kavu ya Ihumwa. Kwa hesabu ya ramani, Veyula ni jirani wa ofisi yako. Lakini lami haibebi abiria. Inayobeba ni gari yenye ruti. Njoo usimame barabarani saa 12 asubuhi uone kama kuna hiace inayokwenda Mtumba moja kwa moja, au kama wote wanashuka mjini kwanza. Kama ni hilo la pili, basi utakuwa umehama kutoka Nkuhungu ukabaki na safari ya Nkuhungu.

Mtoto wa pumu nisimsahau. Mwezi wa Agosti upepo wa Dodoma hauchagui mtaa, lakini nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inayopitisha malori ya kokoto na ile iliyo ndani kidogo yenye miti na ukuta hazilingani hata kidogo. Hata pembeni ya shamba la zabibu si pa kumweka, kwa kuwa mashamba hupuliziwa dawa. Tazameni mtaa kwanza, mji baadaye.

Mpangaji wa Nkuhungu

Ninawashukuru sana. Dada, umenigusa, kwa kweli nilikuwa sijamshirikisha mke wangu katika kuchagua zaidi ya kumwonyesha picha za nyumba. Bahi na Kibaigwa tumeziondoa.

Ninaomba mnisaidie mambo mawili yaliyobaki. Kwanza, huyu wa darasa la sita nimhamishe lini? Pili, nimepigiwa simu na dalali mwenye eneo Hombolo na jingine karibu na Mzakwe, yote mawili anasema yana maji ya uhakika na bei ni ya kutupa.

Mwalimu mstaafu

La mtoto ni rahisi kwa sharti kwamba usichelewe. Usajili wa mtihani wa darasa la saba hufanyika mapema, na mtoto hufanyia mtihani pale aliposajiliwa. Mhamishe akiwa bado la sita, au mwisho kabisa katika likizo ya Desemba, ili Januari aanze la saba katika shule mpya. Ukishindwa, mwache amalizie alipo kwa ndugu au jirani mnayemwamini. Hakikisha namba yake ya PReM, ile ya utambulisho wa mwanafunzi, inahamishwa kwenye mfumo, maana kuna wazazi wanaobeba barua na kuondoka wakidhani wamemaliza, halafu jina linabaki shule ya zamani. Shuleni utakakompeleka, usiulize ufaulu peke yake. Uliza darasa la saba lina mikondo mingapi na watoto wangapi kila mkondo, kisha utazame kama wana chakula cha mchana, kwa sababu katika mji mdogo mtoto wa darasa la mtihani hushinda shuleni hadi jioni.

Hombolo ninapafahamu. Pana Chuo cha Serikali za Mitaa, pana bwawa, pana utulivu ambao mtu wa Dar es Salaam huusifu juma la kwanza. Lakini hapako kwenye barabara kuu yoyote, kwa hiyo magari hutegemea abiria wa hapohapo, na ukikosa la jioni umekosa. Kwa mstaafu kama mimi panatosha. Kwa mtu anayetakiwa mezani saa 1:30, hapana.

Mzakwe ndipo ninapotaka uwe makini. Bonde la Makutupora, lenye visima vya Mzakwe, ndilo chanzo kikuu cha maji ya Jiji la Dodoma kwa miaka mingi. Dalali anapokwambia maji ni ya uhakika hakudanganyi; tatizo ni kwamba uhakika huohuo ndio unaoweza kukufanya uondolewe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na maeneo ya visima vya mji yana ulinzi wake. Hali kadhalika upande wa Msalato, penye mradi wa uwanja wa ndege. Usitoe hata shilingi ya kushikilia kabla ya kwenda Jiji, idara ya ardhi, ukiwa na namba ya kitalu na ya kiwanja. Kama dalali hana namba hizo, hajakuuzia kiwanja bali shamba, na muhuri wa mwenyekiti haubadilishi shamba kuwa kiwanja. Mkumbuke pia kwamba Veyula na Hombolo ziko chini ya Jiji, lakini Chamwino na Buigiri ziko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino, kwa hiyo ofisi ya kuulizia ni nyingine. Ukionyeshwa karatasi za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kumbuka kuwa mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikahamia manispaa, ambayo sasa ndiyo Jiji. Karatasi inaweza kuwa halali, ila ithibitishwe huko.

Mkazi wa Chamwino

Mwalimu amemaliza la viwanja. Niongeze la maji, kwa kuwa hakuna aliyeligusa kwa upande wa kupanga. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo nyumba unayoionyeshwa Machi si nyumba utakayoishi Oktoba. Waulize wapangaji, si mwenye nyumba, bomba hutoka siku zipi za juma na mgao ukikolea wananunua wapi. Onja maji yenyewe. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, na sabuni haitoi povu. Tazama kama kuna simtanki, na kama limeunganishwa na jiko na choo au limewekwa uani kwa ajili ya picha.

Kama mnaweza, njooni Alhamisi au Ijumaa, siku ya kazi, na mama mkwe mje naye. Mimi ningetafuta nyumba ambayo mtu anatembea kwa mguu hadi barabara kuu, hata kama kodi ni kubwa kidogo, kwa sababu bodaboda ya kila asubuhi na jioni itakula tofauti hiyo, na msimu wa mvua zile njia za ndani zenye udongo mweusi hazipitiki kirahisi. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na mwenye nyumba anaweza kudai miezi sita kwa mkupuo. Ombeni mitatu, wengi hukubali wakiona ni mtumishi. Na kwa kuwa mkeo atatumia cherehani ya umeme na pasi, msisaini mkataba kabla ya kuona kama nyumba ina LUKU yake au mnachangia na wapangaji wengine.